Lesoni ya 9: Kiwango Kimeongezeka

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumb. 24:6, 10–13, Neh. 5:1–13, 2 Fal. 4:1–7, 2 Fal. 6:1–7, Zab. 37:21, Mit. 22:7, Yak. 4:13–15.

Fungu la kukariri: Warumi 13:8.

Mwanamke mmoja ana genge la chakula karibu na karasha za mawe, upande wa Katoro mkoani Geita. Wateja wake ni wachimbaji wadogo. Asubuhi wanakunywa uji na kula viazi kabla ya kushuka duarani, jioni wanakula ugali na dagaa, na wengi wao hawalipi siku hiyo. Jina linaandikwa kwenye daftari, na malipo yatakuja mawe yakitoka. Hajawahi kumtoza mtu riba. Hajawahi hata kumwekea mtu tarehe.

Siku moja rafiki yake alimfundisha kukopa kwa simu. Hakuwa na shida ya fedha siku hiyo. "Kopa elfu ishirini tu," rafiki akamwambia, "wala usiitumie. Iache siku tatu, uirudishe. Watakuongezea." Akafanya hivyo. Alirudisha elfu ishirini na ada ya elfu moja mia nane juu yake, na baada ya muda ukaja ujumbe wa kumpongeza kwamba kiwango chake cha mkopo kimeongezeka. Akarudia. Kabla mwaka haujaisha angeweza kukopa laki tatu.

Wanawake wenzake wa sokoni walikuwa na swali lao: "Wewe wanakuamini ngapi?" Aliyetaja kiasi kikubwa alionekana ameendelea. Ni neno la kuangaliwa hilo, kuamini. Maana waliompa kiwango hawakumjua kwa sura wala hawakujua kama ni mwaminifu. Walijua tu amekopa mara ngapi, amelipa baada ya siku ngapi, na fedha kiasi gani hupita kwenye laini yake. Kutokana na hayo walikadiria deni analoweza kubeba. Yeye alisoma ujumbe ule kama mtu anayesoma salio la akiba yake.

Juma hili tunajifunza juu ya kiwango hicho, kinachopandishwa kwa mikopo ambayo mtu hakuihitaji, na juu ya wale ambao jina lao liko kwenye daftari.

JUMAPILI: Sehemu ya Mia

Soma Nehemia 5:1–13. Watu walileta malalamiko gani matatu? Ni nani waliokuwa wakiwadai?

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa unajengwa. Maadui walikuwa nje, lakini kilio kilichomfikia Nehemia kilitoka ndani. Wengine walikuwa na watoto wengi na hawakuwa na nafaka. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba wakati wa njaa. Wengine walikuwa wamekopa ili kulipa kodi ya mfalme. Na waliowadai hawakuwa Waajemi. Walikuwa ndugu zao, watu waliosimama nao kwenye ukuta ule ule.

Katika fungu la 11 Nehemia anawaagiza wakubwa warudishe mashamba, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Wafafanuzi wengi wa Maandiko huielewa kuwa riba ya asilimia moja kwa mwezi. Ni asilimia moja tu, na kwa hiyo watoto walikwenda utumwani.

Sasa weka hesabu ya siku zetu kando ya hiyo. Huduma ya M-Pawa ilipoanza nchini mwaka 2014, kwa ushirikiano wa Vodacom na benki ya CBA, ada yake ilikuwa asilimia 9 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa laki moja hulipa laki moja na elfu tisa. Kwa mara moja, kwa mtu mwenye jambo la haraka, huenda hilo likavumilika. Nauli ya kumpeleka mtoto hospitali ya Bugando kutoka Geita usiku haisubiri. Lakini mtu anayeikopa laki ile ile kila mwezi ili kiwango kipande atakuwa amelipa ada ya laki moja na elfu nane baada ya miezi 12. Ameinunua laki yake mwenyewe kwa bei iliyozidi laki, na mwisho wa mwaka hana laki hiyo. Alicho nacho ni ruhusa ya kudaiwa zaidi.

Mwenye genge wa Katoro aliijua ada ya kila mkopo. Hakuwahi kuzijumlisha. Wengi wetu tunajua bei ya kilo ya sukari Kahama, Shinyanga mjini na Geita, lakini hatujawahi kukaa na kalamu tukajumlisha ada za mwaka mmoja.

Angalia pia fungu la 10. Nehemia anakiri kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wakikopesha watu fedha na nafaka. Hakujiweka nje ya jambo lile. Aliposema "tuache," alijihesabu.

Zoezi: Kama umekopa kwa simu miezi 12 iliyopita, tafuta ujumbe wote wa mikopo hiyo. Jumlisha ada peke yake. Andika jumla hiyo mahali utakapoiona.

JUMATATU: Anayesimama Nje

Soma Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13. Mkopeshaji anakatazwa kufanya nini? Mkopaji analindwa kitu gani kwa sheria hii?

Sheria ya Musa haikukataza kukopesha. Iliweka mpaka mlangoni. Mwenye kudai alipaswa kusimama nje, na mdaiwa mwenyewe aingie ndani na kumletea rehani. Nyumba ya maskini ilibaki kuwa nyumba yake, na mkewe na wanawe hawakuona mgeni akipekua vyombo. Tena jiwe la kusagia halikuruhusiwa kuwekwa rehani, kwa kuwa ndilo lililoilisha familia. Wanaofanya kazi kwenye karasha hawahitaji maelezo marefu hapo. Mtu akichukuliwa karasha kwa deni, atalilipa deni hilo kwa kitu gani?

Leo nyumba ya mtu ni pamoja na simu yake. Mna majina ya wazazi, wakwe, mchungaji, mwalimu wa mtoto. Zimekuwapo programu za mikopo ambazo mtu akizipakua huziruhusu kusoma majina hayo yote bila kufikiri, na siku akichelewa, ujumbe wa kumwaibisha unafika kwa mama mkwe kabla ya kumfikia yeye. Mkopeshaji amevuka mlango. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikawaonya wananchi. Kabla ya hapo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikuwa imewataka wakopeshaji wawe na leseni, na kanuni zake za mwaka 2019 zikafuatwa na kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana. Ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu inafanyika nje ya mipaka hiyo, na mshiriki anayo haki ya kuuliza leseni kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si kukosa adabu.

Mwenye genge hakuanzia huko. Alianzia mahali halali, kwa kiasi kidogo, akilipa kwa wakati. Kiwango kilichopanda ndicho kilichomzoeza mzigo mkubwa, na mzigo huo ulipomshinda akaanza kutafuta popote.

JUMANNE: Mawe Yakitoka

Soma Yakobo 4:13–15. Wafanyabiashara wanaosemwa hapa walikosea wapi? Je, kupanga ndilo kosa lao?

Yakobo hawakemei kwa sababu walipanga safari, mwaka mmoja na faida. Anawakemea kwa sababu walizungumza juu ya kesho kana kwamba ni mali yao.

Katika nchi ya dhahabu na pamba fungu hili lina uzito wake. Mkulima wa Kishapu au Maswa hupata fedha za pamba msimu wa ununuzi unapofunguliwa, katikati ya mwaka, kisha husubiri. Mchimbaji mdogo wa Mgusu au Nyarugusu anaweza kukaa duarani miezi mitatu bila kitu, na wiki ya nne ya mwezi huo akapata zaidi ya mshahara wa mwalimu. Mfugaji humuuza ng'ombe anapohitaji. Hakuna hata mmoja kati yao anayepata fedha kila baada ya siku 30. Ila mkopo wa simu unahesabu siku 30 kwa wote, kana kwamba kila mkopaji ni karani wa serikali.

Hapo ndipo mwenye genge alipokwama. Alikuwa amechukua laki tatu zote, safari hii kwa matumizi: mchele, mafuta, mkaa, na bati za kuezeka upande mmoja wa genge. Ilikuwa Machi. Mvua zikazidi, maji yakajaa duarani, na kazi ikasimama. Baada ya wiki moja wachimbaji wakasikia dhahabu imetoka kwingine, wakahama, wengine usiku. Daftari lake lilikuwa na madeni ya zaidi ya laki nne. Siku ya 30 ilifika kama kawaida yake.

Kwa hiyo yeye alikuwa mkopeshaji asiye na tarehe na mkopaji mwenye tarehe. Ni watu wangapi katika kundi lako wako katikati namna hiyo? Mwenye duka anayekopesha unga kijijini, dereva wa bodaboda anayesubiri hesabu, fundi anayeshona sare za shule na kulipwa mwezi unaofuata. Mithali 22:7 husomwa mara nyingi kama karipio kwa mkopaji. Lisome polepole. Linaeleza tu hali ilivyo, kwamba anayekopa amekuwa mtumishi wa anayemkopesha. Na mtumishi hana kalenda yake.

Alikopa kwenye programu ya pili ili alipe ya kwanza, kiwango kisishuke. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote wakati huo, kushuka kwa kiwango.

JUMATANO: Shoka la Watu

Soma 2 Wafalme 6:1–7. Kwa nini kijana huyu alilia?

Chuma kilizama Yordani, naye akalia kwa sababu kilikuwa cha kuazima. Angeweza kunyamaza. Mto ulikuwa na matope, na wenzake walikuwa wakikata miti. Alilia mara moja, mbele ya mtu wa Mungu, na swali aliloulizwa lilikuwa moja: kimeangukia wapi?

Aliyekopa akapoteza hujikuta akifanya kinyume cha kijana huyu. Anazima simu. Anabadilisha laini. Anaacha kuja Shule ya Sabato kwa sababu mmoja wa wanaomdai huketi safu ya pili. Zaburi 37:21 inamtaja asiye haki kuwa ndiye anayekopa na asirudishe, na kutolipa ilhali unacho ni jambo zito mbele za Mungu. Lakini kijana wa Yordani alikuwa amepoteza kitu cha watu na hakuwa asiye haki. Alisema.

ALHAMISI: Una Nini Nyumbani?

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwuliza mjane maswali gani? Mafuta yalipokoma, aliambiwa afanye nini kwanza?

Mume alikuwa mcha Mungu na alikufa na deni. Maandiko hayamfichi. Mwia amekuja kuwachukua watoto wawili. Elisha hakumtafutia mkopo mwingine wenye masharti nafuu. Alimwuliza ana nini nyumbani, na mjane akajibu kwamba hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta. Deni pekee aliloongezewa siku hiyo lilikuwa la vyombo vitupu vya majirani, ambavyo haviwi na riba. Mafuta yalipokoma agizo lilikuwa na utaratibu: uza, lipa deni, ishi kwa kinachobaki. Kulipa kulikuja kabla ya kula vizuri.

Ellen White alipomwandikia mtu aliyelemewa na madeni alimshauri ayakimbie kama ndui, ajinyime hadi amalize. Walioishi wakati wa ndui walielewa. Hata hivyo yeye mwenyewe alikopa kwa ajili ya kuchapisha vitabu na kuendeleza kazi, na alipofariki mwaka 1915 alikuwa bado na madeni ya kazi hiyo. Kwa hiyo asitokee mwalimu wa kikundi juma hili akasema kila anayekopa ametenda dhambi. Mtu anayekopa pampu ya maji akijua italipwa na nini hafanani na mtu anayekopa ili aambiwe kesho atakopa zaidi.

Lakini mtu atasema: nikitaka mkopo mkubwa benki, si lazima nijenge sifa? Ndiyo, zipo taasisi zenye leseni ya Benki Kuu zinazotunza taarifa za wakopaji, na benki huziangalia. Kumbukumbu ya kulipa kwa wakati ina faida. Ila deni dogo lililocheleweshwa nalo huingia humo, na anayekopa mara kumi bila haja amejipa nafasi kumi za kuchelewa. M-Pawa nayo ilihesabu akiba katika kupanga kiwango. Aliyeweka elfu kumi kila juma alipanda bila kulipa ada ya mkopo, na siku ya shida alikuwa na fedha yake mwenyewe. Njia hiyo haisifiwi sana sokoni. Haina ujumbe wa pongezi.

Swali la Elisha linahusu pia kinachoingia. Mithali 3:9 inaweka malimbuko mwanzo. Kwenye huduma zile zinazomalizia muamala salio lisipotosha, fedha yoyote ikiingia kwenye laini hukatwa deni kwanza, bila kuuliza ni ya nani. Mshiriki anayepokea malipo kwa laini hiyo anaona kilichobaki tu. Malimbuko yamekwenda kwa mwingine.

Mwenye genge alikuwa pia mtunza hazina msaidizi wa kundi lake. Alhamisi moja ya mwezi wa tano mshiriki alimtumia elfu arobaini, mchango wa makambi wa familia tatu. Simu ililia mara mbili: ujumbe wa kupokea, na ujumbe wa kukatwa. Salio lilikuwa sifuri.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Alikaa na jambo hilo hadi jioni. Hakuiba, na fedha haikuwapo. Angeweza kuazima kwa jirani, akanyamaza, na hakuna ambaye angejua. Kabla ya kufungua Sabato alikwenda kwa mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Mbona umekuja bila watoto?"

Alimwonyesha simu. Mzee aliisoma, akaisoma tena, akamwita mkewe alete karatasi. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Unadaiwa na nani, na kiasi gani?" Waliandika mmoja mmoja. Jumla ilikuwa laki sita na elfu themanini. Kisha mzee akauliza swali ambalo mama hakulitarajia: "Na wewe unamdai nani?"

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba. Mzee alifungua kurasa akitafuta majina ya wachimbaji waliohama. Aliyakuta. Lakini alikuta pia majina mengine matano anayoyajua, watu waliopo, wanaoimba kwaya, mmoja wao shemasi. Deni la shemasi lilikuwa la miezi mitano, sahani kwa sahani, elfu sitini na mbili.

Sabato ile hapakuwa na tangazo la michango kwa ajili ya mama yeyote, na jina lake halikutajwa. Mtunza hazina mkuu alielezwa kabla ya ibada, na ikakubaliwa kwamba fedha za kanisa zisipite tena kwenye laini ya mtu binafsi. Elfu arobaini zingerudishwa kwa awamu nne, zikiandikwa. Wakati wa lesoni mzee alisoma Nehemia 5 hadi fungu la 13, pale Nehemia anapokung'uta nguo yake. Akafunga Biblia, akauliza kama katika kundi hili yupo anayekula kwa ndugu yake bila kulipa.

Kikundi kilikaa kimya kwa muda. Shemasi akasimama.

Maswali ya Kujadili:

1. Shemasi hakuwahi kukopa kwa simu, wala kutoza riba, wala kudaiwa na mgeni yeyote. Kundi lijadili ana sehemu gani katika deni la mwenye genge.

2. Kwa nini swali la "wanakuamini ngapi" linamvuta hata mtu asiye na haja ya fedha? Ni wapi pengine mshiriki anapaswa kusikia kwamba anaaminiwa?

3. Mtunza hazina anapopokea michango kwa simu yake, kundi lenu linafanya nini ili fedha hiyo isichanganyike na yake? Kama hakuna utaratibu, nani ataupendekeza, na lini?

4. Rudia Warumi 13:8 kwa kukariri. Katika juma hili, ni jina gani kwenye daftari la mtu mwingine unaloweza kulifuta kwa kulipa?